Mtoto hatulii darasani? Tusianze na fimbo

Kila shule zinapofungwa, ripoti za watoto huzunguka mtaani kwetu kabla hazijafika mikononi mwa baba. Mama anamwonyesha jirani kibarazani, shangazi anaomba aisome, bibi anasomewa kwa sauti. Alama hutofautiana, ila kwenye nafasi ya maoni ya mwalimu wa darasa kuna maneno yanayojirudia nyumba hata nyumba, muhula hata muhula: "Ana uwezo ila hatulii." "Anaongea sana." "Hamalizi kazi." "Aongeze usikivu." Yakishasomwa, hakosi mtu mzima wa kudakia: baba yake naye alikuwa hivyohivyo.

Kinachonishangaza ni kinachofuata. Yuleyule aliyetoka kusema kwamba mtoto karithi ndiye anayeshauri achapwe.

Naandika leo kuitetea kauli ya kwanza na kuupinga ushauri wa pili. Uwezo wa mtoto kukaza akili, kusikiliza mpaka mwisho na kujizuia asirukie jambo jingine ni kitu ambacho kwa sehemu kubwa anazaliwa nacho, na ushahidi wa hilo ni mzito. Mtoto asiadhibiwe kwa alichorithi. Lakini vilevile nakataa kauli ya kukata tamaa kwamba maji hufuata mkondo, basi tumwache alivyo. Jeni hazifanyi kazi hewani. Hukutana na dawati, mwalimu, chakula, usingizi na mbu, na hivyo vyote viko ndani ya uwezo wetu.

Mapacha wametufundisha nini

Wanasayansi walipotaka kujua umakini wa mtoto unatoka wapi, waliwaendea mapacha. Wale wanaofanana kabisa wametokana na yai moja, na vinasaba vyao ni vilevile. Wasiofanana wametokana na mayai mawili, kwa hiyo kinasaba ni ndugu wa kawaida wa baba mmoja na mama mmoja, ila tu walikaa tumboni pamoja. Wote wamelala chumba kimoja, wamekula sufuria moja, wamegombezwa na mama mmoja. Kama kutotulia kungekuwa ni zao la malezi peke yake, mapacha wa aina zote mbili wangelingana kwa kiwango kilekile. Hawalingani. Kwa wanaofanana, mmoja akiwa hatulii, mwenzake naye mara nyingi yuko hivyo. Kwa wasiofanana, uwezekano huo unashuka sana.

Mwaka 2019 Stephen Faraone wa Marekani na Henrik Larsson wa Sweden walizikusanya tafiti 37 za namna hiyo. Wastani wa mchango wa urithi ukawa asilimia 74. Hiyo ni kwa hali ambayo madaktari huiita ADHD, yaani mtoto ambaye umakini wake ni mdogo, au pilika zake ni nyingi, kupita rika lake, kiasi cha kumvurugia masomo na maisha ya nyumbani. Makadirio ya kimataifa huiweka kwenye asilimia 5 hivi ya watoto. Katika darasa la watoto 60, hao ni watatu. Tafiti za watoto walioasiliwa zinaelekea kulekule: mtoto hufanana zaidi na wazazi waliomzaa kuliko waliomlea.

Tusiitumie vibaya hiyo asilimia 74. Haisemi kwamba robo tatu ya utundu wa mwanao imetoka kwa baba yake na robo iliyobaki ni uzembe wako mama. Inasema kwamba ukichukua kundi la watoto na kuuliza kwa nini wanatofautiana, sehemu kubwa ya tofauti hizo imetokana na vinasaba. Na jambo kurithiwa hakulifanyi liwe halibadiliki. Kimo nacho kinarithiwa kwa kiwango kama hicho au zaidi, lakini wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa mwishoni mwa karne ya 20 wamewazidi bibi zao wa karne moja nyuma kwa sentimita 20 hivi. Vinasaba vyao ni vilevile. Lishe na afya ndivyo vilivyobadilika.

Wala tusitafute jeni moja ya utundu, kwa sababu haipo. Mwaka 2019 Ditte Demontis wa Denmark na wenzake walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 55,000, kati yao 20,000 hivi wakiwa na hali hiyo, wakapata sehemu 12 tu za vinasaba zinazohusika bila shaka. Mwaka 2023, walipoongeza watu, zikawa 27. Nyuma ya hizo wanakadiria kuna maelfu ya tofauti ndogondogo, kila moja ikisukuma kidogo sana. Na karibu watu wote waliopimwa walikuwa wenye asili ya Ulaya. Kwa hiyo akitokea mtu wa kukuuzia kipimo cha vinasaba, eti kitakuambia kama mwanao atasoma au hatasoma, fedha zako zibaki mfukoni. Mnunulie viatu vya shule.

Watu wa ngamia wa Marsabit

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika suala hili umetoka hapa kwetu Afrika Mashariki. Kaskazini mwa Kenya, upande wa Marsabit, wanaishi Waariaal, jamii ndogo iliyochanganya damu na desturi za Warendille na Wasamburu. Baadhi yao bado wanahama na ngamia, ng'ombe na mbuzi wakifuata malisho. Wengine, kuanzia miaka ya 1970, walitulia Songa, kwenye miteremko ya mlima Marsabit, wakashika jembe. Watu ni walewale, asili ni ileile, maisha ndiyo yaliyogawanyika.

Mwaka 2008 Dan Eisenberg, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, pamoja na wenzake walichapisha walichokiona kwa wanaume wa jamii hiyo. Waliangalia jeni iitwayo DRD4. Jeni hii hutengeneza kipokezi cha dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuamua ni jambo gani lina faida, la kulishikilia au la kuliacha. Kuna umbo moja refu la jeni hiyo ambalo tafiti nyingi zimelihusisha, ingawa kwa kiasi kidogo, na watu wenye pilika na wapenda mambo mapya. Miongoni mwa Waariaal wanaohama, wanaume wenye umbo hilo walikuwa na miili iliyoshiba zaidi kuliko wenzao. Kule Songa kwa waliotulia, wenye umbo lilelile walielekea kuwa wamekonda kuliko wenzao.

Niseme wazi kwamba utafiti huo ulikuwa mdogo, ulipima afya za miili ya watu wazima, na haukupima umakini wa watoto. Hauwezi kubeba nadharia nzima. Lakini unatulazimisha tujiulize swali ambalo shule zetu hazijiulizi. Kijana ambaye macho yake hayatulii, anayesikia kila mlio na kugeuka kila kitu kinapotikisika, ana kasoro gani akiwa machungani, mahali ambapo fisi anaweza kutokea upande wowote? Mlete kijana huyohuyo mketishe benchi moja na wenzake wanne, mbele ya ubao, kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana, bila kunyanyuka. Ghafla ana tatizo. Nani aliyebadilika hapo, ni yeye au ni mahali tulipomweka?

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Tunaisema methali hii kwenye vikao vya harusi na vya siasa. Darasani tunaisahau, tukadai nywele zote zisukwe mtindo mmoja.

Si kila asiyetulia karithi kwa baba

Hapa naomba nisikilizwe kwa makini na wazazi, maana neno "urithi" likipokelewa kwa pupa linaweza kuua mtoto. Ukishasema "huyu kamrudi baba yake" na ukatulia, unaweza kupita juu ya ugonjwa unaotibika.

Malaria ya kichwa ni mojawapo. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya watoto wa Uganda wa miaka 5 hadi 12 waliolazwa hospitali ya Mulago, Kampala, wakiwa na malaria iliyopanda kichwani. Miaka miwili baadaye asilimia 26 yao walikuwa na upungufu katika uwezo wa akili, wakati kwa watoto wenzao wa mitaa ileile walikuwa chini ya asilimia 8. Na eneo lililoumia zaidi lilikuwa hili hili tunalolizungumza, umakini. Mtoto karudi nyumbani, homa imekwisha, anacheza, kila mtu anamshukuru Mungu. Mwaka unaofuata anaanza kuandikiwa "hasikilizi". Ni nyumba ngapi zinazounganisha hayo mambo mawili? Mwalimu haambiwi kwamba mtoto alipoteza fahamu siku mbili mwaka jana. Mzazi hajui kwamba ni jambo la kumwambia mwalimu.

La pili ni selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, takriban 11,000 kwa mwaka. Huu ni urithi halisi: baba katoa jeni moja, mama katoa moja, zikakutana kwa mtoto. Chembe zake za damu hujikunja na kuziba mishipa midogo. Wengi tunaijua selimundu kwa maumivu ya mifupa na macho ya manjano. Kisichojulikana mitaani ni kwamba inaweza kuziba mishipa ya ubongo kimyakimya, bila kupooza mkono wala mdomo kupinda, ikaacha makovu yanayoonekana tu kwenye picha ya mashine. Zaidi ya theluthi moja ya watoto wenye aina kali ya ugonjwa huu huwa wameshapata makovu hayo kabla ya kufika miaka 18. Mara nyingi ni sehemu ya mbele ya ubongo inayopigwa, ile ya kupanga mambo na kushikilia wazo moja. Mtoto haumwi siku hiyo, ila hamalizi mtihani. Anaitwa mvivu.

Na tazama jeni hii ilivyo. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ndiye aliyeonyesha mwaka 1954 kwamba mtu mwenye nakala moja tu ya jeni ya selimundu anapata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana imebaki kwa wingi ukanda wa Ziwa na wa Pwani, kulikokuwa na mbu wengi. Nakala moja inakuokoa, mbili zinakutesa. Anayetaka kuzigawa jeni kuwa nzuri na mbaya aanze kwa kutueleza hii aiweke upande gani.

Sitaji kila kitu. Kuna mtoto ambaye sikio linatoka usaha na hasikii vizuri, kuna asiyeona ubao, kuna aliyetoka nyumbani bila hata uji, kuna anayelala saa sita usiku kwa sababu chumba anacholala ndicho chenye televisheni. Wote wanaandikiwa maneno yaleyale kwenye ripoti. Kabla ya kusema karithi, na kabla ya kusema mkaidi, mtoto apimwe macho, masikio na damu.

Kulia hakumfundishi kusikiliza

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii ndiyo inayotajwa kila fimbo inaposhikwa. Mimi siikatai. Inatuhimiza tumwekee mtoto mipaka, na mtoto asiyetulia anahitaji mipaka kuliko wenzake wote: ratiba ileile kila siku, maagizo mafupi, sifa ya papo hapo anapofanya vizuri na onyo la papo hapo anapokosea. Ninachokikataa ni imani kwamba machozi yenyewe ndiyo somo.

Mwaka 1902 daktari George Still aliwaeleza madaktari wenzake jijini London juu ya watoto aliowaona, wasiotulia, wasiojizuia, ambao baadhi yao akili zao zilikuwa timamu kabisa. Alichosema ni kwamba wamepungukiwa na uwezo wa kujitawala kimaadili. Zaidi ya karne imepita, madaktari wameshaondoka kwenye lugha hiyo, lakini ndiyo inayotawala bado ofisi zetu za walimu na sebule zetu. Mtoto "hana adabu". Mtoto "ana kiburi". Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakasema amechezewa, na fedha za ada zikaishia kwa mganga.

Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi. Kenya ilishaipiga marufuku adhabu hiyo, kwa sheria ya watoto ya 2001 na tena kwa sheria ya elimu ya 2013. Lakini sheria ni moja na mazoea ni mengine, na mzazi yeyote anayempokea mtoto jioni anajua hivyo. Mimi nauliza swali la kawaida tu: mtoto aliyechapwa kwa kutosikiliza hesabu, anaporudi kukaa, anatazama nini? Anatazama mkono wa mwalimu. Hofu nayo inakula umakini, na yeye alikuwa na kidogo tangu mwanzo.

Mtaani kwetu yupo kijana wa miaka tisa ambaye mama yake alimtuma dukani alete chumvi, kiberiti na mafuta ya kula. Alirudi na kiberiti, chenji iliyokunjwakunjwa kiganjani, na habari ndefu ya paka aliyezalia chini ya meza ya mwenye duka. Mama alishanyanyua mwiko. Dada yake mkubwa, binti wa kidato cha pili, akamvuta yule mdogo, akachukua kalamu, akamwandikia kwenye kiganja: CHUMVI, MAFUTA. Akamwambia asiguse chochote njiani mpaka aonyeshe mkono dukani. Alirudi na vyote viwili. Sasa ndivyo wanavyomtuma, na yule mtoto kiganja chenyewe anakinyoosha mwenyewe kabla hajaambiwa. Hakuna jeni iliyobadilika pale. Mzigo uliokuwa kichwani umehamishiwa mkononi, basi.

Darasani mambo ni yaleyale. Akae mbele, mbali na mlango na dirisha. Hesabu kumi zigawanywe tano kwa tano, akimaliza tano asahihishiwe. Apewe kazi za kunyanyuka: kugawa madaftari, kufuta ubao, kuleta chaki. Na jicho la mwalimu limfikie pia binti aliyekaa kimya anatazama nje. Wavulana wanaoruka madawati huonekana haraka, lakini yule msichana anayesafiri kimawazo hasumbui mtu, hivyo anapita darasa hadi darasa bila msaada mpaka mtihani wa taifa unamkamata. Najua mwalimu mwenye watoto 90 atanisoma na kukunja uso. Ana haki. Ndiyo maana suala la idadi ya watoto darasani nalihesabu kuwa suala la afya.

Zipo dawa pia, na kwa watoto wenye hali kali zimethibitika kusaidia. Lakini maombi ya kuiingiza methilifenideti, dawa inayotumika zaidi, kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa mwaka 2019 na tena 2021. Familia nyingi za huku hazitaiona dawa hiyo karibuni. Nyumba na darasa ndizo tiba tulizonazo.

Na kwa kuwa ni urithi, tukumbuke kwamba mzazi wa mtoto huyu huenda naye yuko hivyohivyo. Mama anayesahau tarehe ya kliniki, baba anayeanzisha biashara tatu na hamalizi hata moja, siyo lazima wawe wazazi wabaya. Mwalimu akimpa mzazi wa namna hiyo maagizo manane kwenye kikao, yatapotea yote. Ampe moja, amwandikie.

Ubongo una ratiba yake

Mwaka 2007 Philip Shaw na wenzake huko Marekani walilinganisha picha za ubongo za watoto 223 wenye ADHD na wengine 223 wasio nayo, baadhi yao wakiwa wamepigwa picha zaidi ya mara moja jinsi walivyokua. Gamba la nje la ubongo huongezeka unene utotoni, likafika kilele, halafu likaanza kupungua. Kwa watoto wa kawaida kilele hicho, katika nusu ya sehemu zilizopimwa, kilifikiwa wakiwa na miaka 7 na nusu. Kwa wenye ADHD kilifikiwa kwenye miaka 10 na nusu. Mpangilio wa ukuaji ulikuwa uleule, ila ulichelewa, hasa sehemu za mbele.

Lisome hilo pamoja na jambo jingine. Kule British Columbia, nchini Kanada, mwaka wa kuingia shule hukatwa Desemba 31. Watafiti walipochambua kumbukumbu za watoto zaidi ya 900,000, mwaka 2012, walikuta wavulana waliozaliwa Desemba, yaani wadogo kuliko wote darasani, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 30 wa kuambiwa wana ADHD kuliko waliozaliwa Januari. Sehemu ya kile kilichoitwa ugonjwa ilikuwa utoto tu.

Sasa tujitazame. Mwaka wetu wa shule nao unaanza Januari. Tunao wazazi wanaojivunia kwamba mtoto kaingia darasa la kwanza akiwa na miaka mitano, na shule zinazompokea kwa sababu ada ni ada. Mtoto huyo anakaa benchi moja na mwenzake wa miaka saba, anapewa mtihani uleule, anapangiwa nafasi kwenye orodha ileile. Kama karithi ubongo unaokomaa taratibu, tumemwongezea pengo juu ya pengo, halafu tunamlaumu yeye.

Kurekebisha hilo hakuhitaji mtaalamu kutoka nje wala bajeti ya wizara. Kama mwanao wa miaka mitano bado hawezi kukaa kusikiliza hadithi moja mpaka iishe, mwache awali mwaka mwingine. Na shule ikikuambia kwamba anaweza kuvushwa kwa sababu anajua kuhesabu mpaka mia, iulize pia anaweza kukaa dakika ngapi.